Coppi: Mfalme wa milima aliyeuliwa na malaria

Mashabiki wa soka mnajua raha ya kupindua meza dakika za lala salama. Fausto Coppi, Muitaliano aliyeanza kwa kusambaza nyama za bucha kwa baiskeli, aliifanya kazi hiyo Giro d'Italia ya 1953. Zimebaki siku mbili, Hugo Koblet yuko mbele kwa karibu dakika mbili. Kwenye mlima Stelvio, juu ya meta 2,700, Coppi akachomoka. Siku ya mwisho akaingia Milan bingwa, taji la tano.

Desemba 1959 alikwenda Upper Volta, sasa Burkina Faso, akarudi na homa. Madaktari hawakugundua malaria. Akafa Januari 2, 1960, miaka 40 tu. Mwenzake, Raphaël Géminiani, iligundulika mapema, akapona.

Homa ikikupiga hapo Ubungo, usibahatishe. Kapime.