Charles Goodyear na Siri ya Mpira

Muhula uliopita Chama cha Mijadala cha shule yetu kilijadili hoja hii: kwamba Charles Goodyear, yule Mmarekani aliyevumbua njia ya kuukaza mpira kwa moto, hakustahili kupewa hataza. Hataza ni hati ya Serikali impayo mvumbuzi haki ya kuwazuia watu wengine wasiutumie uvumbuzi wake kwa miaka fulani bila ruhusa yake. Mimi nilikuwa msemaji wa kwanza wa upande wa kuunga mkono hoja. Baba yangu ni fundi wa baiskeli, nami nimeziba matundu ya mipira tangu utoto, kwa hiyo nilijiona mjuzi.

Nilisema mambo matatu. La kwanza, kwamba mtu mwingine alikuwa amekwisha kutia salfa katika mpira. La pili, kwamba moto ni kitu kinachojulikana na kila mpishi. La tatu, kwamba Goodyear aliupata uvumbuzi wake kwa bahati tu. Watu walicheka na kupiga makofi, na upande wetu ukashinda kwa kura nyingi. Baadaye niliyasoma maisha yake kwa utulivu, nikaona ya kuwa nilishinda pasipo haki. Ndiyo sababu naandika habari hii.

Goodyear alizaliwa tarehe 29 Desemba, 1800, mjini New Haven, katika jimbo la Connecticut. Baba yake, Amasa, alikuwa akitengeneza na kuuza vifungo na zana za shamba. Kijana akaifuata kazi hiyo, akaoa mwaka wa 1824, kisha akafungua duka la vyombo vya chuma mjini Philadelphia. Lakini biashara ilianguka, madeni yakamzidi, na kwa kuwa siku hizo mdeni aliweza kufungwa, naye akafungwa. Huo haukuwa mwisho wa kifungo chake. Aliingia na kutoka gerezani mara nyingi maishani mwake, na sababu ilikuwa ile ile.

Mwaka wa 1834 alipita katika duka la kampuni moja ya mpira mjini New York, akaona boya la kuokolea watu majini. Akabuni vali iliyo bora zaidi ya kulijazia hewa, akairudisha dukani ili aiuze. Mwenye duka akamwonyesha kwamba shida haikuwa vali. Shida ilikuwa mpira wenyewe. Wakati wa baridi ulikuwa mgumu na kupasuka, na wakati wa joto uliyeyuka na kunuka vibaya. Viatu na nguo zilizouzwa zilirudishwa dukani zimekuwa uji. Watu waliotia fedha zao katika biashara hiyo walikuwa wakifilisika.

Tangu siku ile Goodyear hakuwa na jambo jingine moyoni. Majaribio yake ya kwanza aliyafanya akiwa gerezani Philadelphia, mkewe akimletea mpira mbichi na mti wa kusukumia unga. Alichanganya mpira na magnesia, akachanganya na chokaa, akauosha kwa asidi kali. Kila mara ulionekana kupona, na kila mara ulimwaibisha. Mvuke wa dawa zake nusura umuue. Alipata kazi ya kuitengenezea Serikali mifuko 150 ya barua. Ilipendeza macho, lakini alipoiacha ghalani katika joto, ikaharibika kabla haijatumika. Jamaa zake wakamsihi aache. Nyumbani chakula kilipungua, vyombo vikauzwa, hata vitabu vya shule vya watoto wake vikauzwa. Mtoto wake mmoja mdogo alikufa katika siku za umaskini ule.

Sasa nije katika hoja yangu ya kwanza. Ni kweli kwamba Nathaniel Hayward, aliyekuwa akifanya kazi ya mpira mjini Woburn, Massachusetts, alikuwa akitia unga wa salfa katika mpira na kuuanika juani, ukapungua kunata. Goodyear hakumficha mtu huyo. Alinunua haki ya njia yake, na hataza yake ikatolewa mwaka wa 1839. Lakini njia ya Hayward iliponya ngozi ya juu tu. Ndani mpira ulibaki ule ule, na joto lilipozidi, uliharibika. Kujua nusu ya njia si kufika.

Hoja yangu ya pili ndiyo inayonionea haya zaidi. Ni kweli kila mpishi anajua moto. Lakini hebu msomaji ajiweke mahali pa fundi wa mpira wa mwaka wa 1838. Maisha yake yote ameuona moto ukiuharibu mpira. Jua la kiangazi peke yake limezifilisi kampuni. Je, fundi huyo, akitafuta dawa ya kuuzuia mpira usiyeyuke, ataanza kwa kuutia katika joto kubwa kuliko la jua lo lote? Hata kidogo. Yote anayoyajua yanamwambia akimbie moto. Basi njia ya Goodyear haikuwa hatua iliyofuata barabarani. Ilikuwa kugeuka nyuma na kumwendea adui.

Ilikuwa hivi. Katika majira ya baridi ya mwaka wa 1839, huko Woburn, kipande cha mpira chenye salfa kiligusa jiko la moto. Hakikuyeyuka. Kiliungua kama ngozi ya mnyama. Goodyear akatambua kwamba, kama angeweza kuusimamisha moto mahali pafaapo, mpira usingeungua wala kunata tena. Wengine waliokuwapo hawakuona ajabu. Yeye alichukua miaka mingine mitano kutafuta joto lenyewe na muda wenyewe, akiomba nafasi katika majiko ya watu na matanuri ya viwanda. Hataza yake nambari 3,633 ilitolewa tarehe 15 Juni, 1844. Ilitaja mafungu 25 ya mpira, 5 ya salfa na 7 ya rangi nyeupe ya risasi, na joto la nyuzi 270 za Fahrenheit, yaani kama 132 za Sentigredi.

Hili lajibu pia hoja yangu ya tatu. Bahati ilimwonyesha jambo, lakini majiko mengi yaliunguza mipira mingi, na ni mtu mmoja aliyejua alichokiona. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huyu alikuwa ameinama miaka mitano. Tena sheria ya Marekani ya mwaka wa 1952 yasema waziwazi kwamba namna uvumbuzi ulivyopatikana, kwa jasho jingi au kwa ghafula, haiwezi kuwa sababu ya kuunyima hataza. Swali ni moja tu: je, jambo hilo, kwa ujumla wake, lingalikuwa wazi kwa fundi wa kawaida wa kazi hiyo, kabla siri haijafunuliwa? Kipimo hicho kina mizizi katika hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka wa 1851, juu ya vitasa vya milango vilivyofanywa kwa udongo mahali pa chuma au mti. Mahakama iliona kwamba kubadili udongo tu ni kazi ya fundi hodari, si ya mvumbuzi. Mwaka wa 1966 mahakama hiyo ikaongeza kwamba yafaa kutazama pia kama haja ilikuwapo kwa muda mrefu, na kama wengine walijaribu wakashindwa.

Haja ilikuwapo: kampuni zilikuwa zikianguka. Je, wengine walishindwa? Mwangalieni Thomas Hancock wa Uingereza. Alikuwa ameifanya kazi ya mpira tangu mwaka wa 1820 hivi, na mashine bora za siku hizo zilikuwa zake. Hata hivyo hakuipata njia hii mpaka mwaka wa 1842, alipopata vipande vya mpira wa Goodyear vikiwa na alama za salfa. Hapo akajaribu mpaka akaweza, akaomba hataza ya Uingereza mwezi wa Novemba, 1843, wiki chache kabla ya Goodyear. Nilipokuwa mjadalani nilidai kwamba jambo hili laonyesha urahisi wa njia. Sasa naona kinyume chake. Bingwa aliyekaa zaidi ya miaka ishirini bila kuona, akaona baada ya kushika jibu mkononi, anatuonyesha kwamba jibu halikuwa wazi.

Mwaka wa 1852 Goodyear alimshtaki Horace Day mbele ya mahakama ya Trenton, New Jersey, kwa kuitumia njia yake. Mwanasheria mashuhuri Daniel Webster alimtetea kwa ada kubwa, na Goodyear akashinda. Uingereza alishindwa mbele ya Hancock mwaka wa 1855. Mwaka huo huo, kule Ufaransa, nishani ya heshima kutoka kwa Napoleon III ilimkuta gerezani kwa sababu ya deni. Akafa mjini New York tarehe 1 Julai, 1860, akiacha madeni yapatayo dola 200,000. Kampuni ya matairi yenye jina lake iliundwa mwaka wa 1898, wala haikuwa yake wala ya jamaa yake.

Nilimsimulia baba habari hizi tukiwa kazini. Alinyamaza, akautazama mpira wa ndani aliokuwa akiuziba, kisha akaniuliza kama mimi ningaliuweka jikoni. Nilimjibu kwamba nisingaliuweka. Basi nawaomba radhi wenzangu wa upande wa kupinga: kura tulizipata sisi, lakini kweli ilikuwa kwenu.