Khabbab bin Al-Aratt, Mhunzi wa Makka

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba milima na akatia madini ndani yake. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake wote.

Amma baada ya hayo. Njia itokayo Tanga kwenda Moshi hupita Same, chini ya milima ya Upare. Na upande wa kaskazini wa milima ile iko nchi ya Ugweno, iliyokuwa na sifa ya chuma tangu zama za kale. Ukoo wa Washana ndio wahunzi wake. Walikusanya mchanga mweusi ulioletwa na maji ya mito, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe, mikuki na mapanga, na vitu hivyo vikauzwa hata Uchagga. Tena Washana hao ndio waliotawala Ugweno, mpaka Wasuya chini ya Angovi walipowanyang'anya enzi. Na baada ya Angovi akatawala mwanawe Mranga, aliyetengeneza nchi kwa sheria na kwa jando. Washana walipokwisha ondolewa katika enzi, nyundo ilibaki mikononi mwao, wala hapana aliyeweza kulima wala kupigana bila ya kuwaendea.

Basi wako watu wa pwani waulizao nasaba ya mtu kabla ya kuuliza kazi yake, na wakiona mikono yenye masizi hugeuza nyuso. Watu hao na wasikilize habari za mhunzi mmoja, ambaye Waislamu wa mashariki na magharibi humtaja kwa radhi.

Jina lake ni Khabbab bin Al-Aratt, na asili yake ni Bani Tamim. Alitekwa angali mdogo, akaletwa Makka, akauzwa sokoni kama wauzwavyo wanyama. Aliyemnunua ni mwanamke wa Khuzaa, jina lake Umm Anmar. Akafundishwa uhunzi, naye akaushika hata akawa fundi hodari wa panga, na mabwana wa Kikureshi wakawa wakimwendea kuagiza silaha zao. Hivyo mtu asiye na jamaa katika mji ule akapata jina kwa kazi ya mikono yake.

Mtume s.a.w. alipoanza kuwaita watu katika dini, Khabbab alikuwa katika watu wa mwanzo kabisa walioitikia, na wako wanavyuoni wamhesabuo kuwa wa sita. Wala hakuuficha Uislamu wake, na hali hakuwa na ukoo wa kumkinga. Hapo ndipo moto wa kiwanda chake ulipogeuzwa ukawa adhabu yake. Umm Anmar akichukua chuma kilichowiva akikiweka kichwani pake. Makureshi nao wakawasha makaa wakamlaza juu yake chali, na yasemwa kwamba hapakuwa na kitu kilichoyazima makaa yale ila mafuta ya mgongo wake. Miaka mingi baadaye Seyyidna Umar alimwuliza habari za mateso yale. Khabbab akafunua mgongo wake tu, na Umar akastaajabu, kwani hakupata kuona mgongo kama ule.

Siku moja alimwendea Mtume s.a.w., naye ameegemea nguo yake katika kivuli cha Al-Kaaba, akamwomba awaombee nusura. Mtume akamkumbusha waumini wa zamani waliokatwa kwa misumeno na kuchanwa kwa vitana vya chuma, wasiache dini yao. Kisha akambashiria kwamba jambo hili litatimia, hata msafiri atoke Sanaa mpaka Hadhramaut asimwogope ila Mwenyezi Mungu, na mbwa mwitu kwa ajili ya kondoo wake. Khabbab akarudi na subira.

Na katika siku hizo alikuwa akienda nyumbani kwa Fatima binti Al-Khattab na mumewe Said bin Zayd, akiwasomesha Kurani kwa siri. Alikuwamo nyumbani mle siku aliyoingia Umar kwa ghadhabu, akajificha. Na Umar alipoisoma Sura Taha moyo wake ukalainika, Khabbab akatoka akampa bishara. Basi mtumwa mfua chuma ndiye aliyekuwa mwalimu katika nyumba ile.

Jambo lake mashuhuri ni la deni. Alimfulia upanga Al-As bin Wail, mmoja wa wakubwa wa Makureshi, akaenda kudai ujira wake. Al-As akasema hatamlipa mpaka amkane Muhammad. Khabbab akajibu kwamba hatamkana hata Al-As afe kisha afufuliwe. Yule akafanya mzaha, akasema kama atafufuliwa, basi huko atakuwa na mali na watoto, na huko ndiko atakakomlipa. Mwenyezi Mungu akateremsha aya katika Sura Maryam, ya 77 mpaka ya 80, kumkemea mwenye kusema maneno yale. Zingatia, ewe ndugu: ujira wa fundi mmoja uliozuiliwa ukawa sababu ya kuteremka aya zisomwazo mihirabuni mpaka leo. Na mwenye uwezo akichelewesha deni amedhulumu, ingawa mdai wake ni mtu mnyonge.

Akahamia Madina, akapigana Badr na Uhud na vita vilivyofuata pamoja na Mtume s.a.w. Nyumbani alikuwa na mke na watoto na mbuzi wa maziwa. Binti yake alihadithia kwamba baba yao alipotumwa vitani, Mtume s.a.w. alikuwa akiwaangalia, akimkama mbuzi wao mpaka bakuli kubwa likajaa. Baba aliporejea akamkama mwenyewe, maziwa yakarudi kuwa kama kwanza.

Mwisho wa umri wake alikaa Kufa, na dunia ikamfungukia mpaka akawa na dirhamu 40,000. Mali ile haikumfurahisha. Alilia kwa hofu kwamba ujira wake umetangulizwa hapa duniani, akawakumbuka wenziwe waliokufa kabla ya utajiri. Alimkumbuka Musab bin Umayr, aliyeuawa Uhud asiwe na sanda ila shuka moja, wakimfunika kichwa miguu hutoka nje, mpaka miguu ikafunikwa kwa majani ya idhkhir. Ugonjwa ukamshika tumboni, akachomwa chuma mara saba kwa dawa. Mauti angeyatamani, lakini alijizuia kwa kuwa Mtume s.a.w. amekataza kuyaomba.

Alikufa mwaka wa 37 wa Hijra, ndio mwaka 657 wa Miladi. Aliusia azikwe nje ya mji, na watu wa Kufa walikuwa wakizika katika nyua zao. Wakafuata mfano wake. Seyyidna Ali, aliporudi Siffin, alisimama kaburini akamsifu.

Haukupita muda mrefu, Khawariji wakamkamata mwanawe Abdallah, pamoja na mkewe aliyekuwa na mimba. Mmoja wao aliokota tende iliyoanguka akaitia kinywani, wenziwe wakamwamuru aiteme kwa kuwa si mali yake. Kisha wakamchinja Abdallah kando ya maji, wakamwua na mkewe. Kwa damu hiyo Seyyidna Ali alitaka wauaji watolewe, wakakataa, akapigana nao Nahrawan mwaka wa 38, ndio 658.

Hiyo ndiyo nyumba ya Khabbab: baba aliungua mgongo kwa ajili ya haki, na mwana akauawa na watu walioogopa tende wasiogope damu. Basi mwenye kiwanda cha chuma, ikiwa milimani Upare au pwani, na asione haya kwa masizi yake. Na mwenye kumwagiza fundi kazi amlipe ujira wake kamili, kabla ya siku atakayoulizwa. Mwenyezi Mungu amrehemu Khabbab na jamaa zake, atujaalie subira yao. Amin.