Khabari za Nana Asmau, Binti ya Shehu Usman

Kila tunapozungumza katika darasa letu juu ya kusomesha watoto wa kike, hakosekani mzee wa kutuambia ya kwamba jambo hili ni la kizungu, limeshuka bandarini pamoja na suruali na baisikeli. Hatumlaumu, kwani hayo ndiyo aliyolelewa nayo. Na sisi wenyewe, tulipokuwa vijana tukikaa mbele ya masheikh zetu, tulikuwa tukisema maneno hayo hayo. Basi tumeona vyema tumletee msomaji khabari za bibi mmoja wa nchi ya Wahausa, katika Magharibi ya Afrika, aliyezaliwa mwaka 1793, miaka mia na kumi kabla ya Waingereza kuuteka mji wao wa Sokoto. Huyu hakupata kusomeshwa na Mzungu yeyote.

Baba yake alikuwa Shehu Usman dan Fodio, mwanachuoni wa kabila la Fulani, aliyezaliwa mwaka 1754, na ambaye alianza kuwaidhi watu naye angali kijana wa miaka ishirini. Katika mawaidha yake wanawake walihudhuria, wakakaa mbali na wanaume. Jambo hili liliwaudhi baadhi ya wanavyuoni. Mmoja wao, Mustafa Goni wa Bornu, akamtungia Shehu mashairi akimtaka awazuie wanawake wasije. Aliyejibu ni Abdullahi, ndugu yake Shehu na mwanafunzi wake, naye akajibu kwa mashairi vile vile: ya kwamba kuwaacha wanawake katika ujinga wa dini yao ni madhara makubwa kuliko hayo ya kuchanganyika yanayoogopwa, na mtu hukinga dhara kubwa kwa kustahamili lililo dogo. Shehu naye katika kitabu chake kiitwacho Nurul Albab aliwashambulia wanavyuoni wanaosomesha wanafunzi wa kiume usiku na mchana, na huku wake zao na binti zao wamo ndani hawajui hata namna ya kutawadha. Aliwafananisha na watu wanaomtumia mwanamke kama chombo cha nyumbani, kikivunjika kikatupwa jaani. Akasema wazi kuwa mwanamke asiyefundishwa mambo ya faradhi na mumewe, ana haki ya kutoka kwenda kuyatafuta. Tumeyataja haya kwa kirefu kwa sababu wengi humdhania binti huyu kuwa alichomoza peke yake kama uyoga. La, hakuwa hivyo.

Alizaliwa pacha na ndugu yake Hasan, katika kijiji cha Degel, nchi ya Gobir. Desturi ya watu wale ilikuwa pacha hao waitwe Hasan na Husaina, lakini Shehu alimwita binti yake Asmau, jina la Bibi Asmaa binti Abubakar (r.a.), yule aliyepeleka chakula kwa Mtume (s.a.w.) na baba yake walipojificha pangoni wakati wa Hijra. Mama yake, Maimuna, alifariki Asmau angali mdogo, akalelewa na wake wengine wa baba yake, na dada yake Khadija akawa miongoni mwa waliomsomesha. Khadija huyo naye si mtu wa kupitwa hivi hivi: ndiye aliyeigeuza Mukhtasar ya Khalil, kitabu kigumu cha fiqhi ya Kimaliki, kwa lugha ya Kifulani. Asmau alikua akijua Kiarabu, Kifulani, Kihausa na lugha ya Watuareg, akiandika zile za kwao kwa harufi za Kiarabu, kama sisi watu wa pwani tulivyokuwa tukiandika Kiswahili chetu.

Mwaka 1804 mfalme wa Gobir alipowadhiki, Shehu na jamaa zake walihama Degel wakenda Gudu, na vita vikazuka. Asmau alikuwa na miaka kama kumi. Aliishi miaka ya utoto wake kambini, katika njaa na kuhamahama, mpaka ulipotekwa mji mkuu wa Gobir, Alkalawa, mwaka 1808. Katika miaka hiyo ya vita aliolewa na Gidado dan Laima, rafiki mkubwa wa ndugu yake Muhammad Bello. Shehu alipofariki mwaka 1817 Bello akashika ukhalifa, na Gidado akawa waziri wake. Ndoa hii ilikuwa na kheri nyingi, kwani Gidado hakumfungia mkewe kalamu, bali alimsaidia.

Sasa tufikie kazi yake iliyo kubwa. Vita vilipokwisha, dola mpya ilijaa wanawake wa Kihausa, wengine wajane, wengine mateka, waliokwisha kuingizwa katika Uislamu kwa jina tu. Wengi wao walikuwa bado wakikimbilia bori, yaani mambo ya pepo na ngoma zake, ambayo huko Gobir yalikuwa na mkuu wake wa kike. Tena wanavyuoni wa Sokoto walizungumza Kifulani na Kiarabu, na wanawake wale walijua Kihausa. Nani angewafikia vijijini, nao ni wenye watoto na mashamba, na wengine ni watawa hawatoki?

Asmau hakujaribu kuwaleta wote Sokoto. Alichagua katika kila kijiji mwanamke mmoja mwenye akili na heshima, akamfanya kiongozi, kwa Kihausa jaji. Huyo alikwenda Sokoto akiongoza kundi la wanawake wenye nafasi ya kusafiri: watu wazima waliokwisha kuzaa, na wasichana ambao hawajaolewa. Walijulikana kwa jina la 'yan taru, maana yake wale wanaokusanyika. Walifika kwake, wakasomeshwa kwa tungo: nguzo za dini, sala, sira ya Mtume, khabari za Akhera, na mambo ya jamaa wa Shehu. Utungo huhifadhika kifuani hata kwa asiyejua kusoma. Kisha walirudi kwao wakawasomesha waliobaki nyuma, na mwenye mas-ala magumu akayatuma kwa jaji wake.

Kila jaji alipewa na Asmau mkononi mwake kofia pana ya kusukwa, iitwayo malfa, na kitambaa chekundu cha kuifunga. Kofia hiyo ilikuwa miongoni mwa alama za yule mkuu wa bori wa Gobir. Asmau hakuichoma, aliichukua akaifanya alama ya mwalimu wa dini. Sisi tulipolisoma jambo hili mara ya kwanza tulilistaajabia sana, kwani lau angetuuliza tungalimwambia aichome.

Lakini si haki kuficha la upande wa pili. Dola ya Sokoto ilikuwa na watumwa wengi sana, na nyumba ya Waziri ilikuwa nao. Nafasi aliyoipata Asmau ya kusoma na kutunga iliegemea mikono ya wanawake wengine waliotwanga na kuteka maji. Aliwasomesha, na hilo ni jema, lakini utumwa wenyewe ulibaki pale pale.

Tungo zake zilizobaki ni zaidi ya hamsini. Bello alipoandika kitabu juu ya wanawake wema, alimwomba dada yake akigeuze kwa lugha za watu; naye katika utungo wake akawataja wanawake wa mwanzo wa Uislamu, kisha akaongeza majina ya wanawake wa jamaa zake mwenyewe. Alimtungia kwa Kiarabu mwanachuoni wa Shinqit aliyezuru Sokoto, kumkaribisha, kama mwanachuoni na mwenziwe. Hapa msomaji wa Lamu atamkumbuka Mwana Kupona, aliyemtungia binti yake wosia mwaka 1858. Mabibi hawa wawili waliishi wakati mmoja, kila mmoja upande wake wa Afrika.

Zinazotugusa zaidi ni marthiya zake. Aliwalilia Bello na wakubwa wengine, kama ilivyotarajiwa. Lakini alimlilia pia Halima, jirani yake, kwa wema wake na subira yake. Na mwaka 1857 akamlilia Zahra, aliyekuwa akisomesha watu, akisaidia harusini na uzazini, na akiosha maiti. Wanawake wa namna hii wamo katika kila mtaa wetu, na hatujui mwanachuoni wa kwetu aliyewaandikia hata ubeti mmoja.

Nana Asmau alifariki Sokoto mwaka 1864, akazikwa karibu na baba yake. Kazi ya 'yan taru ilishikwa na ndugu yake Maryam, na baada yake wengine. Karatasi za Asmau zilihifadhiwa na kizazi cha Waziri Gidado, mpaka zilipokusanywa zikachapishwa kitabu kimoja mwaka 1997.