Az-Zahrawi: Mpasuaji wa Andalus na Kona ya Jicho



Hebu weka kidole kwenye kona ya ndani ya jicho lako, pale karibu na pua. Ni mahali padogo sana, lakini hapo ndipo machozi hupitia yakienda puani. Kikiota kivimbe hapo, wengi wetu huku Meru na Embu husema ah, ni kipele tu. Wengine saa hii wanasema wacha Ramadhan iishe kwanza, tutaona baada ya Idd. Leo basi tukuletee maisha ya Muislamu aliyeyajua mambo haya miaka 1,000 iliyopita.

Jina lake ni Abul-Qasim Khalaf ibn Abbas az-Zahrawi (Rahimahullah). Alizaliwa Madinat az-Zahra, mji wa makhalifa karibu na Cordoba, huko Andalus, ambayo leo ni Hispania. Wengi hutaja mwaka 936. Ukoo wake unanasibishwa na Ansari wa Madina, wale waliompokea Mtume (S.A.W.).

Alitibu watu kwa miaka mingi, kisha karibu na mwaka 1000 akamaliza kitabu chake kikubwa, At-Tasrif, chenye sehemu 30. Sehemu ya mwisho ni ya upasuaji. Humo alichora vyombo karibu 200, visu, koleo, ndoano na sindano, ili wanafunzi wake, aliowaita wanawe, wavijue vizuri.

Na jicho je? Alieleza namna ya kuinua kwa ndoano nyama iliyoota kwenye kona na kuikata. Lakini alionya: usiikate nyama ya asili ya kona yenyewe, maana machozi hayatakoma kutiririka. Kope iliyojikunja ndani aliirekebisha kwa kukata ngozi kwa umbo la jani, kisha kuishona.

Sasa sikiliza vizuri hapa, ndugu yangu. Kuhusu saratani, bingwa huyu hakujigamba. Alifundisha kwamba ikiwa ndogo na changa, mahali inapoweza kutolewa yote, itolewe. Ikishakuwa kubwa na ya zamani, alikiri kwamba hakuwahi kumponya mtu. Pia alisimulia habari ya tabibu mjinga aliyempasua mwanamke uvimbe wa shingo bila kuijua mishipa, mama wa watu akatokwa na damu mpaka akafa. Kwa hivyo alisisitiza mambo mawili: wahi mapema, na usimguse mgonjwa kabla hujausoma mwili.

Mambo hayo mawili hayajabadilika. Leo daktari huukata uvimbe pamoja na ukingo wa ngozi nzima, na hapo hubaki shimo. Akilivuta tu na kulishona, jicho litapindika. Kwa hivyo huchukua ngozi ya katikati ya nyusi au ya kope ya juu, bila kuikata kabisa. Shina lake hubaki limeshika ili damu iendelee kuilisha, kisha huigeuza na kuishona juu ya shimo. Kivimbe kikiwa kidogo, kazi ni ndogo. Ukingoja mpaka kiingie ndani kwenye mfupa, unaweza kulipoteza jicho lenyewe.

Pengine utauliza, je, huku si kubadilisha maumbile ya M/Mungu? La. Sahaba Arfaja (R.A.) alikatwa pua vitani. Akaweka ya fedha, ikanuka, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru aweke ya dhahabu. Kutengeneza kilichoharibika si sawa na kutafuta urembo. Na mgonjwa ana ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine.

Sisi hapa Ikweta inapita karibu na mji wa Meru, na jua la shamba la majani chai au la miraa halina huruma kwa macho na ngozi, hasa kwa ndugu zetu wenye ualbino. Vaa kofia pana. Ukiona kidonda au kivimbe kisichopona wiki kadhaa, nenda hospitali ya rufaa ya Meru au ya Embu, usingoje Idd. Na mzee wa nyumbani akikuficha, mshike mkono umpeleke.

Az-Zahrawi alifariki yapata 1013, baada ya kuuona mji aliozaliwa ukivunjwa katika fitna ya Waislamu wenyewe kwa wenyewe. Majumba yalianguka, kitabu kikabaki. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona aliitafsiri sehemu yake ya upasuaji kwa Kilatini mjini Toledo, na wapasuaji wa Ulaya wakaisomea kwa mamia ya miaka. Elimu yenye manufaa haikatiki kwa mauti.

Ewe kijana wa Majengo, iwe ya Meru au ya Embu, kile kitabu chako cha Biolojia kisome kwa nia hiyo. Huenda kona ya jicho la mama fulani inakungoja wewe.