Lewis Carroll na hazina iliyo ndani ya herufi

Walimu wa Kiingereza aghalabu humtaja Lewis Carroll kwa ajili ya kitabu kimoja tu, kile cha mtoto Alice aliyetumbukia shimoni akimfuata sungura. Wasomaji wa Kiswahili walikipata mwaka 1940 kwa jina la 'Elisi katika Nchi ya Ajabu'. Lakini kwa maoni yangu mimi nisomeshaye isimu, ipo kazi yake nyingine, ndogo na iliyosahauliwa, ambayo ingetufaa zaidi madarasani: mchezo wa kusaka maneno yenye herufi fulani.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Charles Lutwidge Dodgson. Alizaliwa tarehe 27 Januari 1832 kijijini Daresbury, Uingereza, mtoto wa tatu kati ya kumi na mmoja wa kasisi. Alikuwa na kigugumizi kilichomsumbua maisha yake yote. Hata hivyo, ulimi ulipokwama kalamu haikukwama. Angali kijana, aliwatungia nduguze magazeti ya nyumbani, na la mwisho aliliita Mischmasch, neno la Kijerumani lenye maana ya mchanganyiko.

Mwaka 1851 aliingia Chuo cha Christ Church, Oxford, ambacho kilikuwa maskani yake hadi alipofariki. Alifundisha hisabati humo kuanzia 1855 hadi 1881. Hata lakabu yake ya 1856 ilitokana na kuchezea maneno: aliyatia majina yake mawili katika Kilatini, akayapindua mpangilio, kisha akayarejesha katika sura ya Kiingereza. Alice alitoka mwaka 1865, na kitabu cha pili kikafuata mwaka 1871.

Mnamo 1879 gazeti la Vanity Fair lilichapisha mchezo wake wa kugeuza neno kwa kubadili herufi moja moja, kama vile 'cold' linavyoweza kuwa 'cord', 'card', 'ward', na hatimaye 'warm'. Mapema katika miaka ya 1880 akautoa mchezo ninaousifu hapa, akaupa jina lile lile la gazeti lake la ujanani. Mchezaji mmoja hutaja herufi mbili au zaidi, ambazo Carroll aliziita kiini. Mwenziwe hutafuta neno linalojulikana lenye herufi hizo zikifuatana vivyo hivyo. Majina ya pekee hayakubaliwi, wala maneno yenye kistari.

Je, mna faida gani humo? Hebu mwalimu awape wanafunzi kiini 'mn'. Watapata 'autumn', 'column' na 'condemn', nao watanung'unika kwamba 'n' haitamkwi. Waendelee kusaka. Watafika kwenye 'autumnal', 'columnist' na 'condemnation', ambamo 'n' ile ile yasikika waziwazi. Hapo watang'amua kwamba herufi waliyoidhania kero ni alama ya ukoo.

Au awape 'hh'. Watapata 'withhold' na 'bathhouse', wauone mshono ambapo maneno mawili yaliunganishwa. Kisha walitazame 'threshold', ambalo wengi huliongezea 'h' isiyohitajika, na watatambua kuwa humo hamna 'hold' hata kidogo. Nasi katika Kiswahili tuna mifano yetu. Atakayetafuta 'lf' ataangukia 'elfu' na 'alfajiri', maneno yenye asili ya Kiarabu, kwa maana silabi zetu za asili huishia kwa irabu.

Mwanafunzi anayeandikishwa neno moja mara hamsini hukariri umbo pasipo kujua sababu yake, na mtihani ukipita husahau. Yule aliyelisaka mwenyewe amekwisha kupitia maneno mengine kumi njiani, akayapima na kuyakataa. Siku hizi kompyuta humwaga orodha nzima kwa nukta moja. Siipingi, lakini orodha hiyo yafaa ije baada ya jasho, si kabla, kwani faida ya mchezo huu imo katika kusaka.

Yupo pia mwanafunzi mwingine nimfikiriaye: yule ambaye maneno humkwama kinywani, naye hukaa nyuma ya darasa akidhaniwa mzito wa akili. Mchezo huu haumdai ufasaha wa ulimi. Karatasi na penseli vyatosha. Mtu aliyeubuni aliyajua mateso hayo, na lugha yake bado yamkumbuka miongoni mwa mafundi wake.

Carroll alifariki tarehe 14 Januari 1898 mjini Guildford, siku kumi na tatu kabla ya kutimiza miaka 66. Walimu wenzangu, mchezo wake hauna gharama. Tengeni dakika kumi tu za kipindi, mtoe herufi mbili ubaoni, kisha mnyamaze na kuwaacha watoto watafute.