Walther Nernst, Bingwa wa Kuyahoji Maji

Chuoni tulisomeshwa kuyajua maji kwa sifa tatu: rangi, ladha na harufu. Lakini bara huko Kajiado, iliko miji kama Kitengela na Rombo iliyo chini ya Mlima Kilimanjaro, baadhi ya visima virefu hutoa maji yaliyosalimika kwa sifa zote tatu, na ndani yake mna floraidi iliyotoka katika mawe ya volkano. Mtoto akiyanywa kwa miaka, meno hufanya madoa ya kahawia; ikizidi mno, hata mifupa hukakamaa. Kuyachemsha hakufai kitu, kwani maji hupungua na floraidi ikabaki.

Njia ya kuyahoji maji ya namna hiyo asili yake ni Mjerumani, marehemu Walther Nernst. Alizaliwa tarehe 25 Juni 1864 mjini Briesen, ambao leo umo katika nchi ya Poland, naye ni mwana wa hakimu. Mwaka 1889, angali kijana huko Leipzig, alitoa kanuni yake mashuhuri: madini yakitumbukizwa katika maji yenye chumvi yake hupata nguvu ya umeme, na nguvu hiyo huandamana na kiasi kilichoyeyuka. Basi ukiupima umeme, umekipima kilichofichika.

Alikuwa mtu wa dunia hasa. Taa aliyoibuni aliiuza kwa fedha nyingi, motokaa alizipenda, na shambani akafuga samaki, kwa hoja kwamba afugaye wanyama wenye damu ya moto hugharimia kuupasha ulimwengu joto! Tuzo ya Nobel ya mwaka 1920 aliipata kwa elimu ya joto, wala si ya umeme.

Lakini hatuwezi kulifunika hili: katika Vita Vikuu vya Kwanza aliwasaidia wanajeshi wa kwao kutengeneza silaha za kemikali. Vita hivyo vilimla wanawe wote wawili wa kiume. Baadaye akaja Hitler, na mabinti zake wawili walioolewa na Mayahudi wakahama nchi. Nernst, asiyeupenda utawala ule, alistaafu mwaka 1933, akafa shambani kwake tarehe 18 Novemba 1941.

Mwaka 1966 Wamarekani wawili, Martin Frant na James Ross, waliunda elektrodi yenye fuwele inayoitikia floraidi. Floraidi ikizidi mara kumi, umeme hubadilika kwa milivolti 59 hivi, kama alivyokokotoa Nernst. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita.

Huko Nakuru maji ya aina hii yamesafishwa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kama mifupa ya mzoga yafaa, hilo nawaachia masheikh. Mkaa nao huchoka bila ya maji kubadilika rangi wala ladha, na elektrodi ndiyo isemayo umechoka lini.