James Kirkman: Kutoka Msitu wa Gedi hadi Ngome ya Mombasa

Asubuhi yoyote ile, mgeni aingiapo lango la Ngome ya Yesu kisiwani Mombasa hudhani kuwa jengo hilo lilikuwa makumbusho tangu zamani. Sivyo. Tangu mwaka 1895 hadi 1958 Ngome ilikuwa gereza la serikali ya kikoloni, na wenyeji wa Mji wa Kale waliijua kwa pingu na minyororo kuliko kwa historia yake. Aliyesimamia mageuzi hayo ni James Kirkman, mwanaakiolojia wa Kiingereza aliyezaliwa mwaka 1906.

Kirkman hakuanzia Mombasa. Mwaka 1948 alipewa kazi ya kuyatunza magofu ya Gedi, karibu na Malindi, mahali palipokuwa pamelindwa kisheria tangu 1927 na ambapo mwaka huo wa 1948 palifanywa hifadhi ya taifa. Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Waliomwajiri ni wadhamini wa Hifadhi za Taifa, wale wale waliokabidhiwa simba na tembo wa bara. Kwa hiyo msikiti na mti, kaburi na ndege, vyote viliingia chini ya ulinzi mmoja. Mizizi ilikuwa imepenya kutani, na mchimbaji mwingine angeufyeka msitu wote apate nafasi ya kazi. Kirkman alifukua Msikiti Mkuu, jumba la kifalme na nyumba za matajiri, akazipa nyumba majina kutokana na vitu vilivyookotwa humo: Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Mkasi. Kaburi moja lilikuwa na maandishi ya Kiarabu yenye tarehe iliyo sawa na mwaka 1399, nalo likamsaidia kukadiria umri wa vyombo vya udongo vya pwani nzima. Msitu nao ukabaki umeyazunguka magofu. Leo mashamba yameukaribia kila upande, lakini ndani yake sange na nyani wangali wanaishi.

Mwaka 1958 wafungwa walihamishwa kutoka Ngomeni, nayo Ngome ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Kwa msaada wa Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno, Kirkman alibomoa majengo ya gereza, akachimba ua, na kuufichua msingi wa kanisa la Wareno pamoja na athari za Waomani walioiteka Ngome mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1960. Ni vyema ikumbukwe kwamba kiwanja kama kile, kando ya bahari na mlangoni mwa Mji wa Kale, kisingekosa wa kukitamani.

Hata hivyo, sifa zake zisitufumbe macho. Kitabu chake cha mwaka 1954 kiliiita Gedi mji wa Kiarabu, na kwa muda mrefu aliwaona wajenzi wa miji ya pwani kuwa wageni zaidi kuliko wenyeji. Uchunguzi uliofuata, hasa tangu miaka ya 1980, umeonyesha kuwa miji hiyo ilikua kutokana na jamii za Waswahili wenyewe, waliojenga kwanza kwa udongo na miti kabla ya kujenga kwa mawe ya matumbawe. Aliyeilinda mali alikosea kumtambua mwenyewe. Na kosa hilo si dogo, kwani anayeambiwa kuwa nyumba si yake atapata wapi ari ya kuitetea inapotaka kuvunjwa?

Kirkman alistaafu mwaka 1972, akachapisha matokeo ya uchimbaji wa Ngome mwaka 1974, na kufariki mwaka 1989. Mji wa Kale wenyewe, ambao hakuuchimba, ulikuja kupata ulinzi wa kisheria mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ngome iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011. Gedi ilingoja hadi mwaka 2024.